Njia Ikizibwa, Nani Aizibue?

Hakuna ugomvi wa majirani unaoanza kwa jambo dogo kama ugomvi wa njia, wala hakuna unaoishia kwa hasara kubwa kama huo. Huanza kwa matofali machache yaliyopangwa kando, au kwa lundo la mchanga ambalo fundi ameahidi kuliondoa kesho, au kwa gari bovu lililowekwa hapo kwa usiku mmoja tu. Kesho hufika na kupita, kisha wiki, kisha mwezi. Matofali huwa ukuta, mchanga huota majani, na gari huwa kiota cha kuku. Siku mgonjwa anapotolewa usiku akiwa mgongoni mwa mtu, au jeneza linapolazimika kupitishwa juu ya ua kwa kuwa haliwezi kukata kona, ndipo mtaa mzima huuliza njia ilikwenda wapi.

Na hapo ndipo lisikikapo jibu ambalo twataka kulichungua leo: "Si mimi niliyeiziba." Mwenye kiwanja asema ni mpangaji wake. Mpangaji asema ni fundi. Fundi naye amekwisha kwenda zake. Wakazi wa nyuma wamebaki kama samaki ndani ya dema, wakiona bahari wasiweze kuifikia. Je, jibu hilo latosha? Je, mwenye ardhi aweza kunawa mikono yake kwa sababu mkono uliopanga matofali haukuwa wake? Twaona swali hili lastahili kujibiwa kwa utaratibu, maana watu wengi hupoteza haki yao kwa kutojua, na wengine hudhulumu majirani zao kwa kutojua vile vile.

Maana ya haki ya kupita

Yafaa kwanza tuelewane juu ya haki yenyewe. Haki ya kupita katika ardhi ya mwingine yahitaji ardhi mbili: ardhi inayonufaika, yaani ile ya nyuma isiyofika barabarani, na ardhi inayobeba mzigo, yaani ile ya mbele ambamo njia hupita. Mwaka 1955 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika shauri la Ellenborough Park, ilieleza alama nne za haki za namna hii: lazima ziwepo ardhi mbili; lazima haki iinufaishe ardhi yenyewe, si starehe ya mtu fulani tu; lazima wenye ardhi hizo wawe watu mbalimbali; na lazima haki yenyewe iwe ni jambo linaloweza kuelezwa wazi na kutolewa kwa hati.

Alama ya pili ndiyo inayosahauliwa sana. Haki hii hushikamana na udongo, si na jina la mtu. Basi mwenye kiwanja cha nyuma akifa au akiuza, anayekuja baada yake huikuta haki ileile. Hali kadhalika, anayenunua kiwanja cha mbele hununua na mzigo wake. Hawezi kusema, "Mimi sikupatana na watu hawa," kama vile mtu aliyenunua nyumba yenye kisima hawezi kusema kuwa kisima hicho si cha nyumba hiyo.

Katika Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima juu ya haki hizi, na nyingine juu ya njia za umma, pamoja na njia za jumuiya na njia za kupitishia nyaya na mabomba. Kwa hiyo si kweli kwamba jambo hili limeachwa kwa huruma ya jirani. Huruma ni njema, lakini sheria ipo kwa ajili ya siku ambayo huruma imekosekana.

Desturi yetu yatangulia vitabu

Wako wanaodhani kwamba haya ni mambo ya kigeni yaliyoletwa na mawakili. Sivyo. Atembeaye katika mji wa Lamu huona chumba cha ghorofani kilichojengwa kukatiza juu ya kichochoro, kikiunganisha nyumba moja na ya pili. Watu wa Pwani hukiita wikio. Mwenye nyumba amepata nafasi yake angani, na wapita njia wamebaki na nafasi yao chini. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Yule fundi wa kale alijua bila ya kuambiwa na hakimu kwamba mtu aweza kutumia vingi katika vilivyo vyake, ila njia ya watu haishuki wala haizibwi.

Tukipanda Kilimanjaro twaona jambo lilo hilo katika maji. Mifereji ya Wachagga, ambayo wageni wa karne ya 19 waliistaajabia, huanza juu mitoni na kushuka ikipita katika vihamba vya watu wengi kabla ya kufika kwa wa mwisho. Aliye juu hakuweza kuziba maji kwa kuwa mfereji umepita kwake, wala kuyachota nje ya zamu. Na watumiaji walitoka pamoja kuusafisha. Asiyetoka alitozwa faini. Tuangalie hekima iliyomo humo. Mzigo wa kutunza haukuwekwa juu ya mwenye kihamba peke yake, bali juu ya wote wanaonufaika. Lakini mwenye kihamba naye hakuruhusiwa kukaa kimya akitazama mfereji ukijaa udongo. Wafugaji nao wanayo mapalio yao, ambayo mkulima mwungwana hayalimi hata kama mvua imekuwa njema na jembe linamwasha mkononi.

Warumi wa kale waliliweka jambo hili katika Sheria za Meza Kumi na Mbili, zilizotungwa karibu mwaka 450 kabla ya Kristo. Waliamuru njia ya magari ya kukokotwa iwe na upana wa futi 8 mahali paliponyoka na futi 16 penye kona, kwa sababu walijua kwamba kona ndiyo inayonasa mzigo. Kisha wakaamuru wenye mashamba ya kando waitengeneze njia. Wasipofanya hivyo, mpita njia aswage mnyama wake popote apendapo. Adhabu hiyo ilikuwa na akili: asiyetaka kutunza njia moja nyembamba alihatarisha shamba lake lote.

Wajibu wa mwenye ardhi

Sheria ya Kiingereza, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo iliyorithiwa na nchi zetu za Afrika ya Mashariki, haikwenda mbali kama Warumi. Kwa kawaida haimlazimishi mwenye ardhi inayobeba mzigo kutumia fedha zake kuitengeneza njia. Kama mvua imechimba shimo, mwenye haki ya kupita ndiye anayepaswa kulijaza, naye aruhusiwe kuingia na jembe na kifusi chake. Lakini jambo moja mwenye ardhi amekatazwa kabisa, nalo ni kumzuia mwenzake kwa kadiri inayomsumbua kweli.

Je, kila kitu kilichowekwa njiani ni kizuizi? La. Katika shauri moja la mwaka 1914, Pettey na Parsons, mahakama ya Uingereza ilikubali kwamba mwenye ardhi aweza kuweka lango, mradi asilifunge kwa kufuli. Lango lisilofungwa si dhuluma. Lango lenye kufuli, na ufunguo umo mfukoni mwa mtu aliyesafiri, ni ukuta uliovikwa nguo ya lango. Na mwaka 1985, katika shauri la Celsteel, mwenye ardhi alitaka kuipunguza njia ya magari yenye upana wa mita 9 hadi kubaki mita 4 na kidogo. Alidai kwamba gari bado laweza kupita. Mahakama ilikataa. Haki ya njia pana haitoshelezwi kwa kumwachia mtu upenyo, na mwenye haki hapimwi kwa kuulizwa kama aweza kujibana.

Twapenda wasomaji walishike hilo, maana ndiyo hila inayotumika sana katika mitaa yetu. Njia haizibwi siku moja. Husogezwa ua kwa hatua moja, kisha hujengwa ngazi, kisha huchimbwa shimo la choo, na kila mara mtu huambiwa, "Mbona pa kupita papo?" Mwisho hubaki upenyo ambao gari la zima-moto haliwezi hata kuusogelea.

Akiziba mtu mwingine

Sasa twafika kwenye kiini cha maneno yetu. Kuna watu watatu wanaoweza kuziba njia mbali na mwenye ardhi mwenyewe, nao hawalingani.

Wa kwanza ni mtu aliyetumwa naye: fundi, kibarua, dereva aliyeleta kokoto. Hapa hapana mjadala mrefu. Aliyeagiza mzigo umwagwe ndiye anayeulizwa mzigo uliko.

Wa pili ni mpangaji. Mpangaji hujibu kwa matendo yake mwenyewe, lakini mwenye nyumba anayejua, na ambaye angeweza kumwamuru kwa mujibu wa mapatano yao, naye akaendelea kupokea kodi huku akigeuza uso, amekuwa mshiriki. Yafaa kila mkataba wa kupanga useme wazi kwamba njia ya majirani haiguswi.

Wa tatu ni mgeni kabisa: jirani wa upande mwingine, au mtu asiyejulikana aliyetupa takataka usiku, au hata idara ya serikali iliyochimba mtaro. Hapo ndipo mwenye ardhi hupaza sauti: "Hata mimi nimedhulumiwa!" Na huenda asema kweli. Lakini tusikilize kisa kimoja kilichoamuliwa na mabwana wa sheria wa Uingereza mwaka 1940, kiitwacho Sedleigh-Denfield na O'Callaghan.

Walioshitakiwa walikuwa wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Yosefu la Mill Hill, London, ambao wengi wa wasomaji wa Uganda na Kenya ya magharibi wanawafahamu, kwani mapadri wake waliingia Uganda mwaka 1895. Katika ardhi yao palikuwa na mtaro wa maji. Watu wa halmashauri waliingia bila ya idhini, wakalaza bomba ndani ya mtaro, na wavu wa kuzuia majani wakauweka pasipostahili: waliulaza juu ya bomba badala ya kuutanguliza mbele ya mdomo wake. Wamisionari hawakulijenga bomba lile wala hawakuliomba. Lakini mtu wao aliyehusika na kusafisha mtaro alilijua, na walilitumia kutolea maji ya ardhi yao. Miaka ipatayo 3 ikapita. Siku moja ikanyesha mvua kubwa, majani yakaziba bomba, na maji yakafurika katika bustani ya jirani.

Wamisionari walijitetea kwa maneno yaleyale tunayoyasikia mitaani: si sisi tuliofanya. Mabwana wa sheria waliwahukumu kuwa wana hatia. Walisema kwamba mwenye ardhi ambaye anajua, au alipaswa kujua, kuwa jambo la madhara limewekwa katika ardhi yake na mtu mwingine, naye akaliacha liendelee bila ya kuchukua hatua za kadiri kuliondoa, amelifanya jambo hilo kuwa lake. Akilitumia kwa faida yake, ndiyo zaidi.

Shauri lile lilihusu maji, si mapito. Na katika Tanzania, hukumu za Uingereza zilizotolewa baada ya tarehe 22 Julai 1920 hazifungi mahakama, bali husikilizwa kwa heshima. Hata hivyo kanuni yake ni ya akili, nasi twaona inafaa kupimia wajibu wa jirani. Maswali yake ni matatu. Je, alijua, au angejua kama angefungua macho? Je, alikuwa na uwezo wa kufanya jambo la kadiri? Je, ulipita muda wa kutosha naye hakufanya kitu? Mtu ambaye takataka zimetupwa kwake usiku wa kuamkia leo hawezi kulaumiwa asubuhi. Mtu ambaye amezipita kwa mwezi mzima akizikwepa kwa mguu, huyo amekwisha kuzikaribisha.

Wala kanuni hii haimtaki mwenye ardhi alinde njia usiku na mchana, wala apigane na mwenye nguvu. "Jambo la kadiri" laweza kuwa kumwandikia aliyeziba, kumwarifu mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, kuwaruhusu majirani waingie waondoe kizuizi, na kuwa shahidi wa kweli pindi shauri likifika barazani. Hayo hayana gharama kubwa. Na yule aliyeziba hasamehewi kwa vyovyote. Mwenye haki ya kupita aweza kumshitaki yeye moja kwa moja, awe mgeni au mwenyeji.

Wajibu wa anayepita

Tungekuwa waonevu kama tungesema na upande mmoja tu. Anayepita naye ana mipaka yake. Aliyepewa njia ya miguu hana ruhusa ya kupitisha lori la tani 7. Aliyepewa njia ya kufikia kiwanja kimoja hawezi kununua kiwanja cha pili nyuma yake na kuwapitisha wote humo. Mahakama za Uingereza zilikwisha kulikataa hilo mwaka 1904. Na anayeivunja njia kwa magari yake aitengeneze.

Tena, asilale. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1832 juu ya haki zinazopatikana kwa matumizi ya muda mrefu ilisema kwamba kizuizi huhesabiwa kuwa kimekata matumizi ikiwa mwenye kupita amekijua na kukivumilia mwaka mzima. Ukimya, basi, ni shahidi anayesimama upande wa ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mambo ya njia, asiyesema wakati wa tofali la kwanza ataomba ukuta ubomolewe. Lakini asiubomoe mwenyewe kwa nyundo usiku. Atokaye na nyundo akiwa mdai aweza kurudi akiwa mshitakiwa.

Ardhi isiyo na mlango

Kuna wale ambao njia yao haikuandikwa kamwe, na viwanja vyao vimezungukwa pande zote. Kenya imelishughulikia jambo hili kwa uwazi katika Sheria yake ya Ardhi ya mwaka 2012. Mwenye ardhi iliyofungiwa aweza kuiomba mahakama amri ya kupewa njia. Mahakama hutazama njia iliyokuwapo aliponunua, namna ardhi ilivyopata kufungiwa, mwenendo wa pande zote mbili pamoja na juhudi zao za kupatana, na taabu ya mwombaji ikipimwa na taabu ya wale watakaopitiwa. Aweza kuamriwa kulipa fidia. Twaona mizani hiyo ni ya haki: haimwachi mtu amefungiwa kama kuku katika tenga, wala haimpi njia ya bure mtu aliyenunua kwa pupa bila ya kuuliza atapitia wapi.

Na ndivyo ilivyo katika mitaa mingi ya Dar es Salaam na miji mingine iliyojengwa kabla ya kupimwa. Shamba moja liliuzwa vipande vipande, na kipande cha mwisho kilichouzwa kilikuwa ndiyo njia yenyewe. Katika kazi ya kurasimisha makazi, wakazi wamelazimika kukaa pamoja na kumega viwanja vyao ili barabara ipatikane. Aliyemega hatua mbili amepoteza hatua mbili. Lakini amepata nyumba inayofikiwa na gari la wagonjwa. Anayenunua leo ajifunze: njia iandikwe katika hati ya mauziano, upana wake utajwe kwa mita, mashahidi watie sahihi, na inapowezekana isajiliwe.

Neno "changu" na mipaka yake

Watu husema, "Kiwanja ni changu, nitajenga nipendavyo." Yafaa tukumbuke historia. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kumilikiwa moja kwa moja na wachache. Mwaka 1963 umilikaji wa namna hiyo ulifutwa katika Tanganyika. Na Sheria ya 1999 ikatamka kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Tunachoshika mkononi ni haki ya kukalia na kutumia, haki yenye nguvu na yenye thamani, lakini yenye masharti. Basi anayeziba njia kwa neno "changu" hutumia neno hilo kupita kipimo chake.

Kwa wanaodhulumiwa, ngazi za kupandia zipo. Sheria za 1999 na 2002 ziliweka Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 na kati yao wanawake 3, ili kusuluhisha. Juu yake Baraza la Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliliondolea Baraza la Kata uwezo wa kuamua, likabaki na kazi ya kupatanisha. Wako walioona hilo kuwa hasara. Sisi twaona katika mambo ya njia upatanisho ndio dawa ya kwanza, kwa sababu hukumu yaweza kuufungua ukuta, lakini haiwezi kuwafanya watu wawili wasalimiane wakikutana katika njia hiyo.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Wenye viwanja vya mbele wasiulize tu nani ameziba, bali waulize wao wamefanya nini tangu walipojua. Viongozi wa mitaa na vijiji waziandike njia zote zilizopo, kabla hazijawa kumbukumbu za wazee. Na wanaopita wazitunze, wazipalilie, wazisemee mapema. Heri jirani mwema kuliko ndugu wa mbali. Walakini jirani mwema si yule asiyeziba tu. Ni yule anayeona tofali la mtu mwingine katika njia ya mwenzake, akalisema siku ileile.